Je, Kuna Kamari Isiyotiwa Pesa?

Mama mmoja wa mtaa wetu alitujia baada ya sala ya isha. Alikaa barazani, tukaulizana hali, kisha akasema: "Maalim, nina suala, lakini naona haya kuliuliza kwani huenda likawa dogo." Tukamwambia kuwa suala la mzazi juu ya mwanawe halina udogo. Akasema: "Mwanangu ana miaka kumi na mitatu. Ana mchezo wa karata ndani ya simu. Hachezi kwa pesa. Nimechunguza na hajatoa hata senti. Hatukani mtu, wala hatembei usiku. Lakini kila siku huamka saa kumi za usiku, kabla ya adhana ya alfajiri, akaishika simu chini ya shuka, akafungua pakiti yake, akalala tena. Adhana ikilia, haisikii. Je, Maalim, hii ni kamari? Na kama si kamari, nimkataze kwa hoja gani?"

Twakiri kwamba jawabu lililotujia ulimini lilikuwa jepesi mno: karata ni karata, mnyang'anye simu. Lakini mama yule alikuwa amekwisha kulifunga jawabu hilo kabla hatujalitoa. Hakuna pesa iliyotiwa. Na kuhukumu kitu usichokijua ni dhulma, hata kama hukumu yenyewe itatokea kuwa sawa. Basi tukamwomba muhula wa wiki mbili, na tukamwomba amlete kijana. Si aje kukemewa, bali aje atufundishe.

Alikuja Jumamosi baada ya asri, uso umemwiva kwa khofu. Alipoona tumetoa simu yetu na miwani yetu, khofu ilimtoka, akawa mwalimu. Na mwalimu mzuri pia.

Mchezo wenyewe unaitwa Pokémon Trading Card Game Pocket. Asili yake ni karata za makaratasi zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, na huu wa simu ukatolewa mwezi wa Oktoba 2024. Karata zina picha za wanyama wa kubuniwa. (Juu ya picha tuna maneno, lakini si ya leo.) Kila baada ya saa kumi na mbili mchezaji hupewa pakiti moja bure, na ndani yake mna karata tano. Kutokana na karata azipatazo huchagua ishirini, akazifanya fungu lake, na kwa fungu hilo hushindana na mtu mwengine aliye popote duniani. Atanguliaye kupata pointi tatu ndiye mshindi.

Tulimwuliza: "Mtu mgeni kama sisi aanzie wapi?" Akatupa nasaha zake, nasi twazitaja kwa sababu ndani yake tulikuta jambo ambalo hatukulitarajia.

Alisema kwanza tusikimbilie kujenga fungu letu. Mchezo wenyewe huwaazima wageni mafungu yaliyokwisha tengenezwa, tucheze na hayo hata tujue karata gani inafanya kazi gani. Kisha tukijenga letu, tusichanganye aina za nguvu. Kila zamu mchezaji hupewa nguvu moja ya kumtia mnyama wake. Ukiwa na wanyama wa moto peke yao, utapewa moto kila mara. Ukichanganya moto na maji, mchezo utakupa mojawapo kwa kubahatisha, na mara nyingi utahitaji moto ukapewa maji. "Kwa hivyo chagua moja, Maalim." Akasema tena kwamba kila karata yaruhusiwa kutiwa mara mbili tu, basi zile zilizo muhimu tuzitie mbili mbili, ili zisichelewe kuja mkononi. Tutie karata ya Professor's Research, ambayo humwezesha mtu kuvuta karata mbili nyengine, na ile ya Poké Ball, ambayo humtafutia mnyama wa kuanzia kutoka ndani ya fungu. Na tuwe na hadhari na wanyama wakubwa walioandikwa ex: wana nguvu, lakini akiuawa mmoja adui hupata pointi mbili badala ya moja, basi ukiwatoa wawili wakafa, umekwisha.

Ndugu msomaji, zitazame nasaha hizi kwa makini. Zote zimekusanyika katika jambo moja: kuipunguza bahati. Usichanganye, ili usibahatishe. Tia mbili mbili, ili usingojee. Tumia karata zinazotafuta, ili usitegemee kitakachojitokeza. Mchezaji hodari ni yule ambaye akishinda, ameshinda kwa hesabu, na akishindwa anaweza kukuonyesha kwa kidole mahali alipokosea. Wanazuoni wetu wa Kishafii wa zama za nyuma, walipozungumza juu ya michezo, waliigawa kwa mizani hii hii. Mchezo unaosimama juu ya hesabu na fikra waliulegezea, maadamu haukutiwa mali wala haukuwashughulisha watu na sala. Mchezo unaosimama juu ya kukisia tu waliukaza. Mwenye kujua bao letu, na namna mabingwa wake wanavyohesabu kete kimoyomoyo hata mtazamaji akaona kizunguzungu, hatapata taabu kuifahamu mizani hiyo. Karata za kijana huyu zina mchanganyiko wa mambo mawili, kwani fungu huchanganywa kabla ya kuanza. Hata hivyo fikra ndiyo iliyo mbele. Wiki ile ya kwanza tulishindwa mara kumi na nne na tukashinda tatu, na twasema wazi kuwa hatukuona ubaya ndani ya kushindana kwenyewe. Tuliona mtoto mwenye akili.

Sasa tuje kwenye pakiti.

Saa kumi jioni ilipofika, kijana alisimamisha somo. Sauti yake ilibadilika. Alifungua ukurasa mwengine, pakiti zikajipanga duara zikawa zinazunguka, zote sura moja. Alizizungusha mara nyingi, macho hayapepesi, kisha akachagua moja. Tukamwuliza kwa nini ile. Akasema: "Kona yake imekunjika kidogo. Wanasema iliyokunjika kona ina karata nzuri." Nani wanasema? "Watu wote."

Hapo ndipo tuliposhtuka. Mtoto ambaye dakika mbili nyuma alikuwa akitufundisha kutotegemea bahati, sasa alikuwa akitazama kona ya pakiti kama mpiga ramli atazamavyo mchanga. Asilimia za kila karata zimeandikwa ndani ya mchezo wenyewe, zisomeke na kila mtu, na habari ya kona haimo. Katika seti ya kwanza ya mchezo, karata ya ex ilitoka takriban mara moja katika pakiti kumi na mbili. Ile ya dhahabu, yenye alama ya taji, ilitoka takriban mara moja katika pakiti mia tano. Kwa pakiti mbili za bure kila siku, mia tano ni siku mia mbili na khamsini; na hayo ni makadirio, si ahadi.

Pia mna mlango mwengine ambapo huonyeshwa karata tano zilizotoka katika pakiti ya mtu mwengine. Hugeuzwa kifudifudi, zikachanganywa, nawe ukachagua moja bila kuona. Aliyesoma habari za Waarabu kabla ya Uislamu atakumbuka mishale. Walikuwa wakichinja ngamia, wakamgawa mafungu, kisha wakavuta mishale kutoka ndani ya mfuko: mwengine mshale wake una fungu la nyama, mwengine hauna kitu na thamani ya ngamia inamwangukia yeye. Hiyo ndiyo maisiri iliyoharimishwa katika Suratul Maida. Na wala hawakuwa mabakhili: mara nyingi nyama waliyoipata waliwapa maskini. Kurani yenyewe, katika Suratul Baqara, inakubali kwamba mna manufaa kwa watu ndani ya ulevi na kamari, kisha ikabainisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Basi asituambie mtu kuwa mchezo una faida fulani na fulani, akadhani amemaliza maneno.

Lakini, atasema msomaji, wale walitia ngamia. Kijana huyu ametia nini?

Tuanze kwanza na yule anayetoa pesa, kwani habari yake ni nyepesi. Mchezo huu una duka. Kwa malipo ya kila mwezi mtu huongezewa pakiti moja kila siku, na kwa kununua dhahabu ya mchezo anaweza kufungua pakiti kadhaa wa kadhaa bila kungoja. Je, kununua pakiti iliyofungwa ni biashara au ni kamari? Mtume (S.A.W.) amekataza bei ya gharari, yaani kuuziana kitu kisichojulikana, na wanafiqhi hutoa mifano ambayo sisi watu wa pwani twaijua kwa macho: samaki aliye majini, ndege aliye hewani, na mzamiaji anayeuza atakachokitoa katika mzamio wake kabla hajazama. Mwenye mtego anayesema, "Nipe shilingi elfu, na chochote kitakachokuwamo ni chako," amekuuzia gharari. Ukipata changu watano umemla yeye, ukipata mwani amekula wewe.

Rafiki yetu mmoja mwenye kupenda mijadala alitupinga hapo. Alisema: "Mbona dafu twanunua limefungwa? Nani ajuaye maji yaliyomo?" Ni hoja nzuri, nasi tulilala nayo. Lakini hapana anunuaye dafu kwa ajili ya kutojua. Amekuja kutafuta maji na maji atayapata, yawe mengi au machache, na lau muuzaji angeweza kumwonyesha kiasi chake kabla ya kulikata, mnunuzi angefurahi. Gharari ndogo kama hiyo wanazuoni waliisamehe kwa kuwa haiepukiki. Sasa ijaribu pakiti kwa mizani hiyo hiyo. Muuzaji akizifungua zote mezani na kuiuza kila karata kwa bei yake, biashara itakufa siku ile ile. Kile kinachouzwa si karata. Kinachouzwa ni dakika ile moja kabla ya karata kugeuka, na thamani ya dakika hiyo yote ni kutojua. Katika dafu kutojua ni ila ya bidhaa. Katika pakiti kutojua ndiyo bidhaa.

Wala si Waislamu peke yao walioliona. Japani kwenyewe, mwezi wa Mei 2012, serikali ilitamka kuwa ni kinyume cha sheria aina moja ya bahati nasibu za michezo ya simu, ambayo mtu alilazimika kuvuta na kuvuta hata akamilishe seti nzima ndipo apate zawadi kubwa. Makampuni yaliyokuwa na michezo hiyo yaliiacha, na mojawapo ilikuwa DeNA, ambayo leo ni miongoni mwa waliotengeneza mchezo huu tunaouzungumza. Ubelgiji mwaka 2018 ilihukumu kuwa visanduku vya bahati katika baadhi ya michezo ni kamari, na miongoni mwa michezo hiyo ni ule wa mpira, FIFA, ambao vijana wetu wa Mombasa na Zanzibar wanaujua kuliko sisi. Uholanzi nayo ilimtoza faini ya yuro milioni kumi mwenye mchezo huo, lakini mwezi wa Machi 2022 baraza lake la juu likaifuta, likisema kuwa pakiti si mchezo peke yake bali ni sehemu ya mchezo mkubwa wa ustadi. Twaiheshimu hoja hiyo, ila hatuikubali. Tumeona kwa macho yetu kuwa ni vitu viwili, na kwamba kimoja chaharibu kinachofundishwa na chenziwe.

Na kwa upande wetu, mwaka 2001 Mufti Mkuu wa Saudia na kamati ya wanazuoni walitoa fatwa ya kukataza Pokémon, na kamari ilikuwa moja ya sababu walizozitaja. Mwaka 2025, kampuni ya Scopely, ambayo kupitia kampuni nyengine humilikiwa na mfuko wa uwekezaji wa nchi hiyo hiyo, ilinunua mchezo wa Pokémon Go. Hatulitaji hili kwa kejeli. Twalitaja ili msomaji asishike majina akaacha sababu. Jina lililokatazwa jana laweza kununuliwa kesho, na jina jipya kabisa laweza kubeba ila ile ile. Mzazi atakayepiga marufuku Pokémon nyumbani, mwanawe ataleta mchezo mwengine wenye pakiti zile zile na wanyama wengine.

Tumrudie sasa kijana wetu asiyetoa senti. Kifiqhi, twaona kwamba hajacheza kamari. Kamari ni mtu kuweka chake kikawa baina ya kupata na kupotea, na huyu hakuweka kitu, amepewa. Tulimwambia mama hivyo waziwazi, kwani kumwita mtoto mcheza kamari na hali si hivyo ni kumzoesha jina, na aliyekwisha itwa jina hana tena cha kuogopa.

Lakini isome tena ile sehemu ya Suratul Maida inayotaja kwa nini shetani huipenda kamari. Utakuta imetajwa kuwa ataka kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia wasimkumbuke Mwenyezi Mungu na wasisali. Hasara ya mali haikutajwa hapo. Sisi tumeisoma sehemu hiyo tangu utotoni, na hatukupata kuligundua hilo mpaka mtoto wa miaka kumi na mitatu alipotulazimisha kwenda kuitazama upya. Mali yaweza kuwa haimo, na yale mengine yakawamo.

Nasi tulikwisha onja. Siku ya tisa ya kujifunza kwetu, tukiwa katikati ya darsa, tulijikuta tumeitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Wanafunzi walikuwa wakisoma, nasi tulikuwa tukiwaza pakiti. Mtu mwenye mvi! Hatukutoa senti, na hatukuwa na haja hata kidogo ya karata yoyote ile.

Wiki mbili zilipotimia tulimwita kijana. Tulikuwa tumegundua jambo ambalo tulidhani litamaliza kesi yote. Pakiti za bure hulimbikizana hadi mbili. Asiyefungua kwa saa ishirini na nne hukuta mbili zikimngoja, na hesabu yake ni sawasawa na ya yule anayeamka usiku. Basi anaweza kuzifungua zote mbili kila siku baada ya asri, asipoteze hata karata moja, na akalala mpaka alfajiri. Tulimweleza tukiwa na furaha ya mtu aliyepata ufunguo.

Aliinamisha kichwa. Akasema: "Najua, Maalim. Nilijua tangu mwanzo."

"Basi waamka kwa nini?"

Alinyamaza kitambo. Akasema: "Nikijua iko pale, haijafunguliwa, silali."

Ndugu msomaji, hatukumkemea. Neno hilo ni la kweli, na wengi wetu watu wazima tumekwenda nalo umri mzima bila kulitamka. Yule anayeweka mikeka ya mpira kwa simu kila Ijumaa usiku hakuanza kwa kupenda pesa. Alianza kwa kutoweza kulala na kitu kisichofunguliwa. Tofauti ya mtoto huyu na mtu yule ni umri, na kwamba mmoja bado anapewa bure. Mwenye duka hatoi pakiti mbili kila siku kwa ukarimu. Anaujenga mkono unaofungua. Mkono ukishazoea, pesa itafuata wenyewe siku mtoto atakapopata mshahara wake wa kwanza.

Basi tulikubaliana naye hivi. Kushindana na wenziwe ana ruhusa, baada ya masomo na kabla ya magharibi, kama anavyocheza keram na ndugu zake. Pakiti atazifungua mara moja kwa siku, zote mbili pamoja, mbele ya mama yake, mchana. Simu italala sebuleni. Na kitu cha nne alikizusha mwenyewe. Kila pakiti ifunguliwayo huongeza pointi tano, na kwa pointi mia tano mtu huruhusiwa kuchagua karata moja ya ex aitakayo, bila kubahatisha. Hiyo ni pakiti mia moja, siku khamsini. Kijana alisema ataacha kungojea pakiti imletee, atahesabu siku. Alichukua daftari, akapiga mistari khamsini.

Kwa mzazi mwenye mtoto kama huyu, twakuomba ufanye lile tulilolifanya kwa kubahatika: kaa chini akufundishe. Shindwa mara kumi na nne. Utamwona pale anapofikiri, na utamwona pale macho yake yanapobadilika, na baada ya hapo hutahitaji mtu wa kukuambia ni kipi cha kumwachia na ni kipi cha kumzuilia. Na ukiwa una simu yako mwenyewe ambayo huwezi kulala kabla hujaitazama mara ya mwisho, anza na hiyo, kwani watoto wanatuona.

Sisi tumeufuta mchezo. Kijana alicheka tulipomwambia, akasema tulikuwa karibu kuwa wazuri. Ijumaa iliyopita alitupita kwenye ngazi za msikiti baada ya alfajiri, akatuonyesha vidole. Hatukufahamu mpaka tulipofika nyumbani: siku thalathini na moja zimekwisha, zimebaki kumi na tisa.